Weupe ni karatasi: kupiga picha zenye sura ya mchoro wa wino wa Kichina

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nasoma Hefei katika jimbo la Anhui, China. Nimeona picha za kamera za milima ya Huangshan ambazo ukizitupia jicho haraka unadhani ni michoro ya maji ya Kichina: weupe mwingi, msonobari mmoja mweusi, basi. Nilipanda huko mara moja, nikapiga picha zaidi ya mia tatu. Ukungu wote ulitoka wa kijivu kama moshi wa kuni, na nilipojaribu filta ya simu ya "mchoro wa maji" mambo yakaharibika zaidi. Nina kamera ya megapikseli 24, lenzi ya milimita 18–55 na ya 55–200. Nakosea wapi, na nifanyeje hadi nipate picha ya kutundika ukutani?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Ukungu wa kijivu ni kosa la mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, na dawa yake ni ya dakika moja. Filta nayo ina sababu yake ya kuharibu, nitaifikia. Lakini kuna jambo kubwa kuliko hayo mawili: ulikwenda Huangshan kupiga picha ya ukungu, na wachoraji unaotaka kuwafuata kwa kawaida hawachori ukungu. Wanachora mwamba, wanachora mti, na palipobaki karatasi tupu jicho la mtazamaji lenyewe linapaita ukungu. Wachina huita mbinu hiyo liubai, yaani kuacha weupe. Ukilishika hilo, maamuzi mengine yote, kuanzia lenzi hadi karatasi ya kuchapishia, yanafuata nyuma yake.

Jina "michoro ya maji" nalo linapotosha kidogo. Sanaa hiyo huitwa shuimo, maji na wino, na mandhari yake huitwa shanshui, milima na maji. Rangi ikiwepo huja baadaye na kwa uchache. Kazi yote nzito hufanywa na wino mweusi, ambao ni masizi ya msonobari au ya mafuta yaliyokandwa na gundi ya wanyama na kukaushwa kuwa kipande kigumu. Mchoraji hukisugua kipande hicho na maji juu ya jiwe mpaka apate uzito anaoutaka. Zhang Yanyuan, mwandishi wa zama za Tang, aliandika mwaka 847 kwamba wino ukitumiwa sawasawa unabeba rangi zote tano. Wachoraji waliofuata wakazihesabu kama ngazi za wino: uliokolea mpaka ukaungua, mzito, wa kati, mwepesi, na ule unaokaribia kuwa maji matupu.

Wewe una bahati ambayo wengi hawana. Karatasi ya xuan, wino wa Huizhou na mawe ya kusugulia wino ya She vyote vinatoka kusini mwa jimbo hilo hilo unaloishi. Kabla hujagusa kamera tena, nunua kipande cha wino, brashi moja na karatasi chache za xuan mbichi, ile isiyotiwa shabu. Chora mistari mitano kutoka mweusi hadi mwepesi kabisa. Tazama brashi yenye maji mengi inavyotawanya wino kwenye nyuzi za karatasi, na brashi iliyokauka inavyoacha michirizi myeupe katikati ya mweusi. Hutakuwa mchoraji kwa jioni moja, ila utajua unatafuta nini ukiwa mlimani. Wapigapicha wengi huruka hatua hii, na picha zao huonyesha.

Ngazi tano kwa namba

Kwenye kompyuta, 0 ni nyeusi kabisa na 255 ni nyeupe kabisa. Mgawanyo ninaoupendekeza uanzie nao ni huu: msonobari wa mbele 20 hadi 40, mwamba wa karibu 60 hadi 90, mlima wa katikati 120 hadi 150, mlima wa mbali 190 hadi 215, na weupe wa karatasi 240 hadi 248. Kati ya kundi na kundi pawe na pengo. Picha ya kawaida ya kamera hujaza toni zote mfululizo, kama ngazi isiyo na vipago, na ndiyo maana haifanani na wino hata ukiiondolea rangi. Weupe upewe angalau theluthi moja ya picha. Nusu si nyingi. Ma Yuan na Xia Gui, wachoraji wa zama za Song ya Kusini, walijulikana kwa kusukuma kila kitu kwenye pembe moja na kuiacha sehemu kubwa tupu, mpaka watu wakamwita mmoja Ma wa Pembe Moja na mwingine Xia wa Nusu.

Sasa mita. Mita ya kamera hudhani kwamba mandhari yoyote, ukiyachanganya, ni kijivu cha kati. Ukiielekeza kwenye ukungu mweupe inaona mwanga umezidi na inaupunguza mpaka weupe ugeuke kijivu. Zungusha fidia ya mwangaza hadi +1, na ukungu ukijaa fremu nzima nenda +1⅔. Njia ya uhakika zaidi ni kupima doa: elekeza doa la mita kwenye ukungu mweupe kuliko wote, ongeza stopu 2 juu ya kilichopimwa (kila stopu huongeza mwanga mara mbili), kisha funga kwenye hali ya mkono. Angalia histogramu, ule mchoro wa toni unaoanzia weusi kushoto na kuishia weupe kulia, baada ya kila picha. Kichuguu cha ukungu kikae kwenye robo ya mwisho upande wa kulia bila kugusa ukuta. Kikigusa, umbo la wingu limekufa na hakuna programu ya kulifufua. Kikibaki katikati, utalazimika kukisukuma baadaye, na pamoja nacho utasukuma chembe za kelele. Piga RAW, faili ghafi la kamera, kwa sababu JPEG ina biti 8 tu na weupe unaobadilika taratibu utakatika vipande kama ngazi.

Jambo moja ambalo halitajwi mara nyingi: mchoro wa shanshui wa jadi hauna vivuli vinavyoangushwa na jua. Mwamba una uzito na mikunjo, lakini hakuna upande wa saa nne asubuhi. Jua kali likishatua juu ya mwamba, sura ya wino imeondoka. Watalii wa Huangshan huamka kuwahi jua jekundu; wewe unaitaka nusu saa kabla yake, au siku ya mawingu mazito ambayo wao hubaki hotelini.

Jizoeze hapo Hefei

Usipande mlima bado. Wakati wa baridi tafuta bwawa la bustani lenye mayungiyungi ya maji yaliyokauka. Vikonyo vyake vilivyovunjika, vikisimama kwenye maji yanayoakisi anga la mawingu, ni mistari ya brashi iliyo tayari. Weka lenzi ya 55–200 kwenye 135 au zaidi, tundu la lenzi f/8, fidia ya mwangaza +2. Simama mahali ambapo maji yanaakisi anga peke yake, si majengo wala miti ya ng'ambo. Filta ya polaraizi iondoe, kwa kuwa inaua mwakisi na maji yanageuka meusi. Ukitoka hapo na picha moja yenye vikonyo vitatu, jani moja na weupe uliobaki, umelielewa somo.

Ugumu wa zoezi hili ni kupunguza. Utatamani kuingiza kikonyo cha nne, na cha tano. Sogea hatua moja kushoto au kulia mpaka vikonyo viache kupishana, kwa maana mistari miwili inayokatana ovyo husomeka kama doa. Kikonyo kinachoinama kuelekea weupe huupa weupe huo kazi. Kinachoinama kuelekea ukingo wa fremu hulitoa jicho nje.

Lenzi na umbali

Lenzi yako ya 18–55 iache kwenye begi, hasa ukiwa kwenye 18. Lenzi pana hukuza jiwe lililo miguuni na kuupunguza mlima, na mistari yote hukimbilia nukta moja. Mchoraji wa Kichina hakusimama mahali pamoja. Jicho lake lilipanda na kushuka, na kila tabaka likachorwa kana kwamba linatazamwa kutoka mbele yake. Lenzi ya kuvuta inakaribia hilo kwa kuyabana matabaka yakae moja juu ya jingine. Kwa kamera yako, kati ya 70 na 150 ndipo kazi nyingi itakapofanyika.

Guo Xi, mchoraji wa ikulu ya Song ya Kaskazini, alieleza umbali wa aina tatu: wa juu, ukiwa chini ya mlima unatazama kilele, wa kina, ukiwa mbele ya mlima unachungulia kilicho nyuma, na wa usawa, ukiwa juu ya mlima mmoja unatazama mingine ya mbali. Mchoro wake wa mwaka 1072 wa mapema majira ya kuchipua, uliopo Makumbusho ya Taifa ya Kasri huko Taipei, una zote tatu kwenye kitambaa kimoja cha hariri. Kamera hupata moja kwa mara moja. Umbali wa usawa ndio rahisi, kwa sababu njia za Huangshan zinapita juu ya migongo ya milima na kilele cha juu kuliko vyote, Lotus, ni mita 1,864. Umbali wa juu ndio wenye taabu: ukiinua kamera, miamba hulala nyuma kama inayoanguka. Rudi mbali, panda hadi nusu ya kimo cha mlima ulio mkabala, tumia 100 na kuendelea, na kamera ibaki sambamba na ardhi.

Fungua kipenyo f/8 au f/11, ISO 100, kamera juu ya miguu mitatu. Kupita f/16 hupati faida, mwanga huanza kujikunja kwenye tundu na sindano za msonobari zinalegea. Kasi ya shata inategemea ukungu. Ukipita taratibu, 1/30 hadi 1/4 ya sekunde huhifadhi kingo zake zilizochanika, zile zinazofanana na wino uliotawanyika. Wengi huweka filta nyeusi na kuacha shata wazi dakika nzima, wakidhani laini zaidi ndiyo bora. Matokeo ni maziwa yaliyomwagika: weupe usio na mwendo. Filta nyeusi ihifadhi kwa ajili ya mto. Kama mwanga unakupa 1/15, filta ya stopu 6 itakupeleka kwenye sekunde 4 hivi, na ya stopu 10 kwenye sekunde 68. Mto wa Li kule Guilin, kusini mwa China, ukipigwa hivyo alfajiri, hugeuka karatasi tupu na vilima vya chokaa vinaelea juu yake. Mvuvi mwenye mnandi utakayemwona kwenye chelezo huko mara nyingi yupo kwa ajili ya wapigapicha na hulipwa. Patana naye kwanza, mlipe kwa heshima. Na kwenye fremu mpe nafasi ndogo. Kwenye mchoro wa Fan Kuan, mchoraji mwingine wa Song ya Kaskazini, wa wasafiri milimani, wenye kimo cha sentimita 206, msafara wa nyumbu uko chini kabisa na ni mdogo kuliko kiganja.

Ukirudi Huangshan

Lala juu ya mlima. Magari ya kamba hayaanzi mapema kiasi cha kukufikisha kabla ya alfajiri, na ukilala bondeni utakuta mchezo umekwisha. Eneo la Beihai lina hoteli, na kutoka hapo Jukwaa la Qingliang na kilele cha Shixin, chenye misonobari mizuri kuliko mahali pengi, ni matembezi mafupi. Bahari ya mawingu hupatikana zaidi kipindi cha baridi na mwanzo wa kuchipua, na siku ya kuomba ni ile inayofuata mvua au theluji, hewa baridi inapoingia na unyevu kubaki bondeni. Tenga usiku mbili au tatu. Usiku mmoja ni kamari. Baadhi ya njia hufungwa majira ya baridi, na vilele vya Lotus na Tiandu hufungwa kwa zamu ili miti ipumzike, kwa hiyo uliza kabla ya kupanga safari.

Ukitoka kwenye chumba chenye joto kwenda kwenye baridi, hakuna shida kubwa. Shida ni kurudi ndani: unyevu wa chumba hugeuka matone kwenye kioo na ndani ya kamera. Iache imefungwa kwenye begi nusu saa. Huko nje, ndani ya wingu, matone madogo yatakaa kwenye lenzi bila wewe kujua, na utayaona usiku kama madoa laini katikati ya weupe. Geuza lenzi chini kila usipopiga, ivishe lenzi kofia yake ya kukinga mwanga hata kama hakuna jua, futa kila baada ya picha chache. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Chagua mwamba kwa mikwaruzo yake. Wachoraji wana namna nyingi za kupiga brashi ili mwamba uonekane mwamba, mojawapo ikiitwa pigo la shoka, nyingine nyuzi za katani. Matale, yaani graniti, ya Huangshan yamepasuka kwa mistari ya wima ambayo tayari inafanana na brashi kavu. Na hapa ndipo filta ya simu inaposhindwa. Inapaka mikwaruzo ile ile juu ya kila kitu: jiwe, jani, hata weupe ambao ulipaswa kuwa kimya. Mchoraji anabadilisha mkono kwa kila kitu, filta ina mkono mmoja.

Kwenye kompyuta

GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, inatosha ukiwa na programu ya kufungulia RAW kama darktable, nayo ya bure, mradi faili likae biti 16 mpaka mwisho. Kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe usibonyeze tu kitufe cha kuondoa rangi. Changanya chaneli: asilimia 60 ya buluu, 30 ya kijani, 10 ya nyekundu. Utusitusi wa mbali hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu, hivyo chaneli ya buluu hufanya milima ya mbali ififie zaidi na kuyatenga matabaka. Majani ya msonobari nayo huakisi buluu kidogo, yanakuwa meusi kama wino. Chaneli nyekundu hufanya kinyume, hukata utusitusi, na watu wengi huichagua kwa mazoea ya kutaka anga kali. Lakini ukiwa ndani ya ukungu mzito wenye matone makubwa, matone hayo hutawanya rangi zote sawa, na mbinu hii itakusaidia kwenye miti tu. Chaneli ya buluu ina kelele zaidi, kwa hiyo ukiona chembe nyingi punguza hadi 45.

Kitelezi cha kuondoa ukungu kwenye programu ya RAW usikiguse, kwani kinarudisha kila ulichopanda mlima kukiacha. Kile cha kukoleza maumbo kipeleke chini, -15 hadi -30, kwenye milima ya mbali peke yake kwa kutumia maski, yaani kifuniko kinachoziba sehemu nyingine. Ukali uongeze kwenye msonobari wa mbele tu. Kisha kwenye kevu (Curves), mstari wa kubadilisha toni, inua sehemu ya juu mpaka ukungu ufike 240, na sehemu ya chini iache ilipo. Miguu ya milima iyeyuke: ukungu hukaa bondeni, kwa hiyo mlima unatakiwa uwe mzito juu na mwepesi chini. Mlima mweusi chini unasomeka kama kilima kilichokatwa kwa mkasi.

Kuhusu rangi, weupe upe ujoto kidogo tu, kama nyekundu 246, kijani 242, buluu 233, na weusi uache bila rangi. Ukipaka hudhurungi picha nzima unapata picha ya bibi na babu, si karatasi ya xuan.

Kuunganisha picha kadhaa

Utauliza kama ni halali kuchukua mti wa hapa na mlima wa pale. Aliyeifanya njia hii ijulikane ni Long Chin-san, aliyezaliwa 1892 na kufariki Taipei 1995. Alikuwa mpigapicha wa magazeti Shanghai, na kufikia 1934 kazi zake za kuunganisha zilikuwa zikikubaliwa kwenye maonyesho ya nje. Kwenye chumba cha giza aliangaza negativu moja baada ya nyingine juu ya karatasi moja, akiziba sehemu ambazo hakuzitaka, na weupe wa ukungu ndio ulioficha maungio. Don Hong-Oai, mzaliwa wa Guangzhou aliyekulia Saigon na kufika San Francisco mwaka 1979, alijifunza kwake na kuendeleza kazi hiyo mpaka alipofariki 2004. Kwa hiyo ni halali, ila andika chini ya picha kwamba imeunganishwa, na usiipeleke kwenye shindano la picha za asili lisiloruhusu.

Leo chumba cha giza ni leya, yaani matabaka ya picha kwenye programu. Tandaza leya ya chini yenye weupe wa karatasi. Juu yake weka mlima wa mbali, halafu wa kati, halafu mti, kila leya ikiwa kwenye hali ya kuzidisha (Multiply). Hali hiyo hufanya kilicho cheupe kipotee na kilicho cheusi kibaki, sawasawa na wino juu ya karatasi, na ukiwa umepiga mti wako dhidi ya anga jeupe hutahitaji kuukata kabisa. Tatizo huanza anga la mti likiwa 225 badala ya 255: litatia kivuli mlima ulio nyuma. Liinue kwa kevu ya leya hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Ushahidi wa picha iliyounganishwa vibaya huwa ni ule ule. Urefu wa jicho haulingani, mti umetazamwa kutoka chini na mlima kutoka juu. Mwanga unatoka pande mbili. Chembe za mti uliokuzwa ni kubwa kuliko za mlima. Wingu lile lile limenakiliwa mara mbili. Kwa chembe, ukimaliza kila kitu ongeza chembe laini za aina moja juu ya picha nzima. Zinaficha maungio na pia zinazuia weupe usikatike mistari wakati wa kuchapisha.

Ukitaka kuona mila hii inafanya nini mikononi mwa watu walio hai, tafuta kazi za Yao Lu na Yang Yongliang. Mbali ni milima ya Song. Ukisogea, kwa Yao Lu ni malundo ya takataka yaliyofunikwa nyavu za kijani, kwa Yang ni maghorofa na winchi za ujenzi.

Umbo, karatasi, muhuri

Mchoro wa kutundika, ule unaokunjwa kama mkeka, mara nyingi una uwiano wa moja kwa mbili hadi moja kwa tatu. Ukikata picha yako moja ya wima ya pikseli 4000 kwa 6000 iwe moja kwa tatu, unabaki na 2000 kwa 6000, ambayo kwa pikseli 240 kwa inchi ni sentimita 21 kwa 63. Kama unataka kubwa zaidi, piga fremu tano za ulalo, moja juu ya nyingine, zikipishana asilimia 30. Utapata takriban pikseli 6000 kwa 15,200. Funga mwangaza, fokasi na rangi ya mwanga kabla ya kuanza, na ufanye haraka, kwa sababu ukungu haukusubiri: fremu ya tano ikichelewa, kingo za mawingu hazikutani.

Karatasi ya xuan mbichi usiipitishe kwenye printa. Haikutiwa kizuizi, wino unatawanyika, weusi unakuwa kijivu na mistari ya msonobari inanenepa. Chapisha kwenye karatasi isiyong'aa ya pamba, gramu 200 hadi 310, au karatasi ya nyuzi za mforosadi iliyoandaliwa kwa printa za wino. Ya kung'aa inaleta kioo mahali pa karatasi. Ujue tu kwamba isiyong'aa haifiki weusi wa ile ya kung'aa, kwa hiyo toni zilizo chini ya 20 zitajazana kuwa doa moja. Ndiyo sababu nilikupa 20 kama mwanzo wa msonobari. Chagua wino mweusi wa karatasi isiyong'aa kwenye mipangilio. Ukitumia ule wa picha za kung'aa, weusi utatoka kama vumbi la mkaa.

Kabla ya kuchapisha picha kubwa, chapisha ukanda mdogo wenye vipande kutoka 236 hadi 255. Tafuta mahali printa inapoacha kuweka wino. Ikiacha kwenye 250, na ukungu wako unafika 252, utaona ukingo mkali mahali wino unapokoma na karatasi inapoanza. Shusha weupe wa juu au wacha eneo zima liwe karatasi, lakini usiliache likisitasita hapo katikati. Skrini nayo iwe hafifu kuliko ulivyozoea: shika karatasi nyeupe kando yake kwenye mwanga wa chumba, punguza mpaka viwili hivyo vilingane.

Muhuri mwekundu uje mwisho, na uwe wako. Usinakili mihuri ya zamani kutoka mtandaoni. Mingi ni ya wachoraji au ya watu waliowahi kumiliki mchoro, na kuibandika ni kama kusaini jina la mtu mwingine. Hapo ulipo hutakosa mchongaji wa mihuri wa kukuchongea jina lako kwa herufi za Kichina. Muombe mwenyeji anayesoma lugha alihakiki jina kabla ya jiwe kuchongwa, na weka alama upande wa juu ili usiugonge kichwa chini. Kwa picha ya upana wa sentimita 40, muhuri wa sentimita 1.2 hadi 1.5 unatosha. Uweke mahali ambapo picha ingekuwa nyepesi mno bila wenyewe, kwa kawaida chini upande ulio mkabala na mti, kamwe si katikati ya weupe mkuu. Acha picha ikauke siku nzima kabla ya kugonga. Tandika kitambaa laini chini ya karatasi, bonyeza wima, usizungushe mkono. Rangi ya muhuri ina mafuta na hukawia kukauka, kwa hiyo usiikunje picha wala kuiweka nyuma ya kioo mpaka ukigusa kwa ncha ya karatasi nyeupe usione wekundu.